Mstari wa Mkaa Mkononi mwa Mama

Mama yangu ana kiwiko cha chuma. Baridi yabisi ilikila kiungo cha mkono wake wa kulia mpaka akawa hawezi kujifunga kanga, ndipo madaktari wa Dar es Salaam wakamwekea kingine. Aliporudi kijijini kwetu Chanzuru majirani walikuja kukigusa. Daktari alimwonya asibebe ndoo, lakini sisi nyumbani tulishika jambo moja tu, kwamba chuma hakivunjiki.

Kwa hiyo masika yaliyopita, alipoteleza kwenye tope nyuma ya choo na kuuangukia mkono ule, sikuhangaika. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikamfunga kitambaa. Tena nilimwambia, kwa huu ukali wangu ambao hata wanafunzi wangu wanaujua, "Mama, acha kulialia, hicho ni chuma." Siku nne nzima! Nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujizaba kofi. Na mimi ni mwalimu wa sayansi.

Kilichonishtua ni vidole. Siku ya nne vilikufa ganzi, kiganja kikalegea, hakiinuki. Mama, aliyekuwa akijivunia kula kwa mkono wake mwenyewe, ikabidi nimlishe. Kila nilipompelekea tonge alifumba macho kwa aibu. Niliogopa kwelikweli, maana namjua: mkono ule ukifa, hatataka tena kukaa na watu.

Shangazi akasema twende kwa fundi wa mifupa, njia ya Mikumi. Utaratibu wake kwetu unajulikana. Unakwenda na kuku. Fundi anamvunja kuku mguu, kisha anamfunga yeye na mgonjwa siku hiyohiyo, kwa dawa ileile. Siku kuku atakapoukanyagia, mgonjwa naye anafunguliwa. Nikakamata jogoo, nikakodi bajaji.

Nilitarajia kukuta kibabu na vibuyu vyake. Tukamkuta mwanaume wa rika langu amevaa jezi ya mpira, kapindua baiskeli miguu juu, anaziba pancha. Hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Akanawa mikono, akaja kuchuchumaa mbele ya mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuletea huu mkono. Huyu ni mwanangu, mwalimu."

Akajipaka mafuta ya nyonyo, akafumba macho, akaanza kupapasa kuanzia kiwikoni kwenda juu. Hakukamua wala hakuvuta. Katikati ya mkono wa juu vidole vikasimama, vikarudi chini, vikapanda tena, vikasimama palepale.

"Mwalimu, humu ndani mmeweka nini?"

Nilikuwa sijamwambia habari za kiwiko. Sikuona kama kinahusika. Nikamweleza, naye akatikisa kichwa.

"Chuma chenu kizima. Kimeingia ndani ya mfupa, kama bomba la siti linavyoingia kwenye fremu. Ila fremu ndiyo imepasuka, hapa chuma kinapoishia." Akaokota kipande cha mkaa, akachora mstari mfupi wa mshazari kwenye ngozi ya mama. "Huu nikiuvuta, utachana vitu huko ndani. Siuvuti. Nendeni hospitali sasa hivi, na jogoo wenu."

Akaufunga mkono kwa vibao viwili ili usicheze njiani, akatusindikiza mpaka kwenye bajaji.

Hospitalini kule Mikumi, mpiga picha za eksirei alipofungua vile vibao akauliza ni nani kamchora mgonjwa. Nikasema ni fundi baiskeli. Akacheka sana. Kisha picha ikatoka: mfupa mweupe, chuma cheupe kuliko mfupa, na pale ncha ya chuma inapoishia, ufa mweusi wa mshazari. Daktari akaweka kidole kwenye picha, akakiweka kwenye mkaa, akakirudisha kwenye picha. Hakuna aliyecheka tena. Mashine ile niliielewa, naifundisha. Vile vidole sikuvielewa, na sivielewi mpaka leo.

Tulipewa rufaa ya Dar es Salaam. Wakaufunga mfupa kwa bamba na nyaya kuuzunguka, kiwiko wakakiacha kama kilivyo. Daktari aliyempasua alituambia mshipa wa fahamu unaoinua kiganja ulikuwa umelala kwenye ufa wenyewe. Mtu angeunyoosha mkono kwa nguvu, ungekatika. Sasa ulikuwa umepondeka tu, na huenda ungeamka, huenda usiamke. Tukarudi nyumbani kusubiri.

Miezi ikapita nikimlisha. Mchana mmoja, tuko mkekani, ugali na mlenda katikati yetu, niliona kiganja chake kikiinuka. Kilitetemeka, kikashuka, kikainuka tena. Akamega ugali, akaufinyanga polepole, akachovya. Nikasubiri aupeleke kinywani, lakini mkono ukaja upande wangu.

"Fungua mdomo," akaniambia.

Nikafungua, mwalimu mzima mwenye wajukuu, mlenda ukinichuruzika kidevuni.