Sentensi Iliyokatwa kwa Rula

Likizo iliyopita niliporudi nyumbani Mangobo, mtaa wetu wa Kisangani, nilimkuta mama amefunika chungu cha chumvi kwa daftari langu la darasa la tano. Nikalipangusa, nikalifungua katikati, na hapo hapo nikaiona: imla ya Kifaransa, mwandiko wangu wa duara, na sentensi ya mwisho imekatwa kwa wino mwekundu. Haikukatwa kwa haraka, rafiki yangu. Ilikatwa kwa rula, mara tatu, ili isisomeke tena. Nimemaliza chuo kikuu, nimefundishwa kudai ushahidi wa kila kitu. Basi ushahidi huo hapo. Hasira niliyodhani imekwisha ilinipanda nikiwa nimesimama jikoni, na chumvi vidoleni.

Ili uelewe, lazima nikurudishe kwenye ile miaka ya mwisho ya utawala wa wazungu kule Kisangani, nyumba yetu yote ilipokuwa ikiishi kwa ajili ya kadi. Baba alikuwa karani. Aliomba ile kadi waliyopewa watu weusi wachache, wale walioitwa evolue, yaani waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Ukiwa nayo, uliweza kupita mtaa wa wazungu saa tatu usiku bila kusumbuliwa. Lakini kwanza wakaguzi walikuja nyumbani kutazama choo, kitanda, sahani, na kama mke anakula mezani na mume. Mtu mzima, baba wa watoto, alipimwa kwa uma zake! Wakati ule niliona ni jambo la kawaida, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ile imla ya daftarini ilikuwa hotuba, na huenda unaijua. Rais mmoja wa Amerika, nchi yake ikipigana yenyewe kwa yenyewe, alisimama mahali walipozikwa askari akasema maneno machache kuliko mahubiri ya harusi. Mwalimu wetu, mtu wa Maniema mwenye shati moja jeupe alilolifua kila jioni, aliipenda kwa ufupi huo. Alitusomea, tukaandika. Madaftari yakaenda kukaguliwa kwa padri mkuu wa shule, yakarudi yote yamekatwa mahali pamoja. Mwalimu akatugawia.

“Bon, basi,” akasema. “Mutakariri mupaka kwa wafu. Hapo ndiyo mwisho.”

Nilikuwa nikikariri nyuma ya nyumba, ambako nyanya yangu, mama yake baba, alitwanga ndizi zilizopikwa za lituma, ugali wetu wa ndizi. Nilimwita koko, kama watoto wote wa mtaa walivyowaita bibi zao. Mchi wake ulinipa mapigo: neno, mchi, neno, mchi. Harufu ya ndizi za moto ilichanganyika na moshi na samaki wa chumvi. Siku moja aliniambia nimgeuzie yale maneno kwa Kiswahili, nami nikamgeuzia. Nilipofika kwenye wafu, akasimamisha mchi.

Usishangae. Mwanawe wa kwanza, kaka yake baba, alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya wazungu. Hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema amelala wapi.

“Wale watu walikufa juu ya nini?” akaniuliza.

“Juu ya inchi yao, koko.”

“Na kisha? Ule mukubwa aliita watu kwenye makaburi, halafu anawaacha katikati ya njia? Wafu wamelala, sawa. Sisi wenye kubaki tufanye nini? Enda uulize mwalimu yako. Hii maneno iko na mukia. Wameukata.”

Hakujua kusoma hata herufi moja. Darasa zima la Kifaransa halikuona alichokiona yeye akitwanga ndizi.

Jumapili nilikwenda kwa mwalimu. Nilimkuta anakula, nikamweleza habari ya mkia. Alicheka, lakini si kwa furaha. Kisha akaisema ile sentensi polepole, na maana yake: kwamba walio hai wanapaswa kumaliza kazi ya waliokufa, ili serikali iliyo ya watu, inayoendeshwa na watu, kwa faida ya watu, isipotee duniani.

“Shika na kichwa. Usiandike.”

“Mwalimu, na sisi je?”

“Wewe mutoto unauliza sana. Kula samaki.”

Wakaguzi walikuja siku chache baadaye. Asubuhi hiyo nyumba ilinuka chokaa mbichi. Baba aliazima kitambaa cha meza, akanivalisha viatu vilivyonibana. Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau: alimwomba mama yake aende akashinde kwa jirani, kwa sababu alivuta kiko, alikaa chini, na alikula kwa mkono.

“Siku moja tu, mama.”

“Naenda, papa,” koko akamjibu mwanawe. “Chunga tu hizo uma zisikuchome ulimi.”

Walikuwa watatu: mtawala wa kizungu, padri mkuu yuleyule wa shule, na mtu mweusi mwenye kadi tayari, aliyevuja jasho ndani ya koti la sufu. Walifungua makabati. Waliinua shuka. Walihesabu vijiko. Mwishowe baba, aliyetaka sana waone Kifaransa kinavyokaa nyumbani mwake, akasema mtoto wake anajua hotuba ya rais. Yeye hakujua habari ya mkia.

Nilianza. Nilipofika kwenye wafu, padri akatikisa kichwa kwa kuridhika, akashika kofia yake. Lakini nje, juu ya ua wa jirani, niliona kitambaa cha kichwa cha koko. Nikaendelea mpaka mwisho.

Mtawala alifunga kalamu yake. Mwenye kadi alitazama viatu vyake. Padri akaniuliza nani alinifundisha. Sikumtaja mwalimu, lakini haikusaidia kitu, kwa sababu aliyeikata sentensi alijua vizuri nani aliyetusomea darasani.

Kadi haikuja. Barua ilisema baba bado hajakomaa. Mwalimu alihamishiwa Yahuma, mbali msituni, akaondoka na baiskeli na sanduku moja, nami sikumwona tena. Baba alikaa wiki nyingi bila kusema nami.

Leo kadi zenyewe hazina hata kazi ya kuwashia jiko. Waliozitoa wameondoka, ua wa jirani umeanguka, na mchi wa koko sijui uko kwa nani. Chuoni nimesoma pia kwamba katika nchi ya rais yule watu weusi walingoja muda mrefu sana kuhesabiwa katika maneno yake, na walipigwa kwa kutaka kupiga kura. Sisi nasi tumepata marais wetu. Hotuba zao ni ndefu, tunazipigia makofi, na bado kuna mtu mahali fulani ameshika rula.

Lakini kinachonirudia zaidi ni alasiri ile. Wakaguzi walipokwisha kuondoka, koko alirudi na mkeka wake kwapani, akadai nimgeuzie mkia. Nikamgeuzia.

“Watu,” akasema. “Watu wote?”

“Wote, koko.”

“Na mimi niko mutu?”

“Ndiyo, koko.”

“Sasa juu ya nini nimeshinda kwa jirani?”

Baba alikuwa mezani, anasikia. Alianza kukunja kile kitambaa cha kuazima, akakikunja tena na tena mpaka kikawa kidogo kama daftari.