Mwanamke Aliyepiga Magoti Korongoni

Mume wangu alikuwa mpiga picha mjini Iringa, na mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilimsaidia karibu kazi zote: kusafisha vyombo vya dawa katika chumba cha giza, kuwanyooshea wateja kola, kubeba miguu ya kamera. Mimi ni mtu wa Tukuyu, kwenye mvua na migomba. Aliponipeleka kwenye korongo la Isimila wakati wa kipupwe, sikuwa nimewahi kuona nchi iliyokauka namna ile.

Alitaka picha za nguzo za udongo zilizosimama mle korongoni, atengeneze kadi za kuwauzia wageni wa hotelini. Lori la Mbeya lilitushusha barabarani asubuhi, tukatembea hadi kwa mama mmoja wa Kihehe ambaye shamba lake liliishia pale ukingoni. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, amejifunga kaniki.

“Kamwene,” tulimsalimu.

“Kamwene. Karibuni.”

Mume wangu alimweleza shida yetu. Mama aliitazama kamera, kisha akaniangalia mimi kwa muda.

“Nguzo pigeni,” alisema. “Lakini kule nyuma kuna njia nyembamba, kuta zimekaribiana. Humo msiingie na hicho chombo. Masika yaliyopita binti yangu alipita humo akifuata mbuzi. Hapa kwetu jua lilikuwa linawaka, mvua inanyesha kule milimani. Maji yakaja yote kwa pamoja. Hatukumpata. Huwa naenda kuongea naye.”

“Tumesikia, mama,” mume wangu akajibu.

Tulishuka. Nguzo zilikuwa ndefu kuliko nyumba yoyote ya mjini, nyekundu chini, kijivu juu, na nyingine zimebeba jiwe kichwani. Upepo ulipopita kati yake, mchanga ulidondoka kidogokidogo, nami kila mara niligeuka nikidhani kuna mtu. Mume wangu alifanya kazi kwa furaha. Mimi nilikuwa nasikiliza maji, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe na mkondo umekauka kabisa.

Jua lilipofika utosini, mama alitupita amebeba kibuyu na kibakuli cha unga. Aliingia katika ile njia nyembamba, na mume wangu akachukua kamera.

“Bwana, alikukataza,” nilimwambia.

“Nasimama mlangoni tu. Siingii.”

Nilimfuata. Ndani kuta zilipinda kama nguo iliyoanikwa, na juu palibaki upenyo mdogo. Kutoka pale mwanga ulishuka kama nguzo nyingine, ukamwangukia mama aliyepiga magoti akinyunyiza unga. Alikuwa akiongea Kihehe, polepole, kama anayemweleza mtu habari za nyumbani. Nilisikia kamera ikilia mara moja. Mama hakugeuka.

Picha ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga mume wangu, na hilo ndilo lililonisumbua. Aliikuza, akaiweka kwenye dirisha la studio. Watu wa mjini walisimama kuitazama. Wageni waliiulizia. Kila nilipofagia pale mbele, nilifagia haraka.

Mama alikuja siku ya gulio, amefunga kitambaa kichwani, miguu imejaa vumbi. Alisimama dirishani muda mrefu, kisha akaingia.

“Mwanangu hajawahi kupigwa picha,” alimwambia mume wangu. “Sura yake naitafuta kichwani, inapotea. Na wewe unauza mimi nikimlilia.”

Mume wangu aliona aibu, nadhani. Aliitoa picha dirishani, akaifunga kwa karatasi, akampa kwa mikono miwili.

“Ichukue, mama. Ni yako.”

“Na ile unayotolea nyingine?”

Mume wangu alisema filamu ni mali ya studio. Mama aliiweka picha mezani, akaondoka bila kuaga.

Tuligombana hadi chakula kikapoa. Alisema mwanga kama ule haupati mtu mara mbili maishani, na picha haimdhuru mtu. Nilimwuliza kama angekuwa mama yake angeiuza. Kesho yake akaiweka tena dirishani.

Juma lililofuata alisafiri kwenda Mbeya kupiga picha za harusi. Niliitoa filamu kwenye sanduku, nikaitoa na picha dirishani, nikapanda lori peke yangu. Mama nilimkuta akipepeta mtama. Aliinua filamu juani. Ndani yake alikuwa mweupe mwili mzima, na ule mwanga umekuwa mweusi.

“Huyu ndiye mimi?”

“Ndiye wewe, mama.”

Aliitia jikoni motoni. Ilijikunja, ikatoa harufu kali. Picha ya karatasi hakuichoma. Aliiviringisha, akaichomeka kwenye paa juu ya kitanda, akaniambia nikae nile.

Mume wangu aliporudi nilimwambia mwenyewe. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaangalia lile dirisha tupu, akaniuliza mama alisema nini. Nikamwambia alinipa ugali na mlenda. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukazaa, lakini kuanzia siku ile chumba cha giza alikifunga kwa ufunguo, na ufunguo akatembea nao.