Aliyeshika Keria

Jumamosi ile nilikwenda kwa Bibi, Buguruni, kumwonesha fulana. Kesho yake nilikuwa naingia kwenye mbio za baiskeli za kuchangia wagonjwa wa figo, na kila mwendeshaji alitakiwa kuandika mgongoni anamkumbuka nani. Mimi niliandika: "Babu, aliyenifundisha baiskeli." Figo ndizo zilizomwondoa, mwaka juzi.

Bibi akaisogeza fulana mbali na macho, akasoma polepole, kisha akacheka mpaka akajishika ubavu.

"We mke mwenzangu, nani kakwambia Babu yako ndiye alikufundisha? Na mguu wake ule uliolemaa?"

Hadithi hiyo, rafiki yangu, nimeisimulia maisha yangu yote. Nimeisimulia hata msibani, watu wakalia.

Hebu nikuambie ninavyokumbuka. Babu alikuwa fundi baiskeli Kariakoo, barazani kwenye nyumba tuliyopanga. Alikuwa na beseni la maji la kutafutia pancha, kopo la grisi, na redio iliyofungwa mpira ili betri zisidondoke. Bibi aliuza vitunguu sokoni, kutwa nzima simwoni. Jumapili asubuhi tu, kabla wenye mikokoteni hawajaamka, ndipo mtaa ulipokuwa wetu. Baiskeli ya mteja ilinizidi kimo, kwa hiyo nilipitisha mguu chini ya bomba la fremu nikaendesha kiubavuubavu. Nyuma yangu kulikuwa na mtu ameshika keria, anakimbia. Na sauti ya Babu: "Usigeuke nyuma! Angalia mbele!" Mimi na utii wangu, sikugeuka hata mara moja. Nilifika mwisho wa mtaa, nikaanguka, nikainuka nacheka, na Babu alikuwa anapiga makofi.

Sasa alipigia wapi hayo makofi, kama mikono yake ilikuwa kwenye keria? Hapo ndipo kichwa kiligoma. Usiku kucha nilimweka nyuma ya baiskeli, nikamwondoa, nikamweka tena.

Jumapili tukaanzia Mnazi Mmoja, tukakatiza Kariakoo. Penye baraza yetu kuna ghorofa la maduka, chini wanauza makava ya simu. Nilipita pale na jina lake mgongoni, sijui nicheke au nilie. Tulipovuka Jangwani na kuanza kupanda kuelekea Magomeni pumzi zilinikata, na katika kuhema kule nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikiliza: kandambili zinapiga lami nyuma yangu, pa, pa, pa. Babu hakuwa mtu wa kandambili, hizo zilikuwa za Bibi. Alivaa viatu vya ngozi, kimoja soli nene kwa ajili ya ule mguu. Lakini harufu ya grisi nayo ninayo puani mpaka leo, sasa hiyo niiweke wapi?

Nilimaliza mbio, nikaenda Buguruni moja kwa moja na jasho langu. Bibi alikuwa jikoni.

"Shikamoo Bibi. Kumbe ni wewe uliyekimbia?"

"Marahaba. Sasa ulidhani nani?"

"Mbona miaka yote hukusema?"

Akaendelea kumenya kitunguu chake.

"Ulikuwa unapenda kusema ni Babu yako. Na yeye alikuwa anapenda kusikia. Mwanaume aliyekuwa hawezi kukimbia hata mvua! Ningemnyang'anya ili iweje?"

Nikavua ile fulana nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena. Sikujua nimemwendeshea nani. Babu hayupo nimuulize kama na yeye alifika mahali akaamini kuwa ndiye aliyekimbia. Baraza haipo, na Jumapili ya mtaa mtupu haipo tena Kariakoo. Mbele yangu alikuwepo Bibi, magoti yamemvimba, machozi ya vitunguu yanamtoka, ananiambia niende nikaoge. Yule niliyedhani alinishika alikuwa amekaa barazani siku ile, anapiga makofi. Aliyenishika yupo, na mimi mpaka juzi sikuwa nimegeuka kumtazama.