Mikono ya Dirishani

Mtaa mzima ulimwita dada yangu Bi Sindano, na jina hilo alilitolea jasho. Aliweza kushona upindo wa gauni la hariri kwa mkono huku akipiga soga, na usione uzi umepita wapi. Kisha ugonjwa wa kutetemeka ukamwingia, ukianzia kidole gumba cha kushoto, na cherehani ikafunikwa shuka. Wateja walikuja mara moja kumpa pole, wakahamia kwa mshonaji mwingine.

Mumewe huunda wanasesere wakubwa wanaojongea, wa kuwekwa kwenye madirisha ya maduka. Ni fundi hodari, hilo simnyimi. Mwenye duka la vitambaa alipomwagiza mwanasesere wa mshonaji, shemeji akaomba kuchukua umbo la uso na mikono ya mkewe kwa plasta. Dada alikubali kwa sharti moja.

"Mikono iwe ile yangu ya zamani," alisema. "Watu wanione nashona nimetulia. Nikumbukwe hivyo."

"Itatulia kama maji mtungini, mke wangu."

Basi akaanza kuchagua servo, zile mota ndogo zinazogeuka kwa kiasi unachoziamuru na kusimama hapo hapo. Meza ya kulia ikajaa. Zenye meno ya plastiki zilikuwa nyepesi, lakini mkono wa plasta ukizilemea, meno yanakatika. Zenye meno ya chuma zina nguvu, ila zinalia kama bawaba kavu. Alizigeuza, akazipima, akazirudisha, akaanza upya.

"Shemeji, mchagua jembe si mkulima," nilimtania.

"Na mpokea lolote si fundi!"

Dada akacheka. Tangu afunike cherehani sikuwa nimemsikia akicheka.

Akachukua za chuma, akaziunga zote kwenye bodi, kile kibao cha saketi kinachoziongoza, zinywe umeme humo humo. Hapo alikosea. Ukiinuka mkono mmoja, sawa. Ikiinuka yote miwili, umeme unapungua ghafla na vidole vinatetemeka. Yeye akadhani mota ni dhaifu, akaweka kubwa zaidi, zenye kiu zaidi, na mtetemeko ukawa maradufu. Siku hiyo hiyo mwenye duka akaja na wafanyakazi wake kuona kazi, wakamkuta mwanasesere anahangaika kutunga uzi. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Dada alikuwa jikoni, akawasikia.

"Hawatacheka akitulia," aliniambia.

Hatimaye shemeji aligundua kosa, akazipa mota adapta yao, bodi ikabaki na yake. Mikono ikatulia. Sindano ilishuka, ikapanda, uzi ukanyooka. Dada akaweka mkono wake juu ya ule wa plasta, akalia wala hakujificha. "Ni mimi huyo," alisema.

Yaliyofuata niliyapata baadaye kwa mwenye duka mwenyewe, aliyeyasimulia kwa majivuno. Alikuja siku ambayo dada alikuwa hospitali, akamwona mwanasesere, akakunja uso. "Huyu amepoa mno. Mimi nataka yule wa kutetemeka, yule atanijazia watu." Shemeji angeweza kusema hapana. Neno lenyewe fupi, halimvunji mtu jino. Akasema, "Nitakutengenezea."

Kutetemesha mota kwa makusudi ni kazi rahisi, unaiandikia bodi tu. Lakini fundi wetu hapendi kazi ya kulipua. Alitaka mtetemeko wa kweli, na wa kweli alikuwa nao nyumbani. Kila chai akakaa mbele ya mkewe, macho kwenye mikono yake, tangu ainue kikombe mpaka akitue.

"Siku hizi mume wangu ananitazama kama tulipokuwa wachumba," dada alininong'oneza, akiona haya kama mwari.

Siku dirisha la duka lilipofunguliwa alivaa gauni bora alilowahi kujishonea, mimi nikamfunga vifungo. Tulisikia vicheko kabla hatujafika. Mle ndani, mwenye uso wa dada yangu alikuwa akiikosa sindano, kidole gumba cha kushoto kikianza, vingine vikifuata. Mwanamume mmoja barabarani alimwigiza kwa mikono yote miwili, na wenzake wakampigia makofi.

Shemeji akatoka mbio. "Nilitaka kukueleza... Lakini tazama umati, mke wangu! Wanakupenda!"

"Mwanaharamu wee!" nilimpigia kelele. Dada hakupiga kelele.

"Umenipatia," alimwambia. "Hata gumba."

Tangu hapo dada hali chakula mbele ya mumewe. Akiwepo, mikono huifunika kwa mtandio, na chakula chake hukiacha kingoje mpaka mume atoke. Juzi shemeji akanifuata, macho makavu, akanisihi nimbembeleze dada arudi mezani. Duka la vyombo limeagiza mwanasesere wa kumimina chai.

Nilimtukana tusi ambalo mama yetu angenipiga kofi kwa kulitamka. Dada alikuwa mlangoni, kumbe amesikia yote. Akapita kati yetu, akaketi, akautoa mtandio na kuiweka mikono juu ya meza.

"Mwache, mdogo wangu," alisema. "Huyu naye asiponitazama, atanitazama nani?"