Pembe Moja ya Kibanda cha Sungura

Vikapu ndivyo vilivyoniaibisha kwanza. Niliwaambia wanafunzi wangu wa gredi ya tano wasuke nyumbani, wakaniletea vizuri mno, vyote vya mkono mmoja. Wazazi walikuwa wamevinunua kwa bibi yule yule wa sokoni Muyeye.

Nikamwomba mwalimu mkuu kazi inayofuata ifanyiwe shuleni: tuezeke kibanda cha sungura kwa makuti. Akanitazama juu ya miwani.

"Haya, mwanangu. Ijumaa nitakimwagia maji. Kikivuja, kazi za mikono zarudi nyumbani."

Wiki ile sikulala vizuri. Niliwaza visu, niliwaza nge, nikamwaza mzazi atakayeuliza kama mwanawe kaletwa shule awe fundi. Watoto hawakuwaza lolote. Walikunja majani ya mnazi juu ya fito, wakashona kwa kamba za makumbi ya nazi, huku wakitaniana.

"Kuti lako kama nywele za mwalimu!"

"Na lako je? Hata sungura atalicheka!"

Wakaezeka kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikiilalia iliyotangulia. Paa likakaa barabara. Lakini Alhamisi, walipokwenda kula, niliona pembe moja kama imelegea. Nikaifungua, nikaifunga upya, moyo ukatulia.

Ijumaa mwalimu mkuu alikuja na ndoo. "Nani ataingia ndani?"

"Mwalimu!" darasa zima likaitikia.

Nikajikunja humo, magoti kidevuni. Maji yakamwagwa. Niliyasikia yakiteremka kama mvua ya masika, nami mkavu kabisa. Kisha tone likanipata shingoni. Na jingine.

"Kwavuja?" mwalimu mkuu akauliza.

"Pembe hii tu."

Msichana aliyeshona upande ule akachungulia, uso ukamkunjamana. "Mimi sifungi hivi! Nani kaifungua kamba yangu?"

Nikatoka na majani kichwani. "Ni mimi. Niliona imelegea."

"Imelegea machoni pako, mwalimu!"

Mwalimu mkuu, asiyecheka ovyo, akacheka mpaka akaweka ndoo chini. "Basi kazi ibaki shuleni. Wa kurudishwa nyumbani ni mwalimu."

Msichana akaifunga pembe yake papo hapo. Nilisimama kando nikimtazama, mikono mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuoni, sikuwa na la kurekebisha. Maji yakamwagwa tena, ndani pakabaki pakavu. Nikawauliza watoto wangependa kutengeneza nini baada ya hapo.