Sahihi Mbili za Gari la Mwisho

Duka la magari la Kamina lilifungwa baada ya uporaji, wakati pesa zilikuwa zikipoteza thamani kabla hazijafika mfukoni. Patroni, mwenye duka, alipanda ndege kule Base, kwenye uwanja wa ndege za jeshi, akaahidi kurudi baada ya wiki mbili. Baba yangu, karani wake, alimwamini. Sisi Wamethodisti tumezoea kumngoja Mwokozi arudi. Kumwongeza na patroni haikuwa kazi kubwa.

Lilibaki gari moja jipya, pikapu nyeupe. Kila asubuhi baba alifungua duka, akaifuta vumbi, akaandika ripoti: wateja, hakuna. Kila Jumatatu aliwasha injini kidogo ili isisahau kazi. Mafundi walishakwenda kulima mihogo, muuza vipuri akawa anachuuza samaki wa Kinkondja kwa baiskeli, na mji mzima ukagundua upya kwamba binadamu ana miguu. Baba alibaki na cheo, na cheo hakipikwi. Tulikula mshahara wangu wa ualimu, maana yake tulikula shamba la mama.

Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, wa zile familia za Maniema, alikuja mara tatu kwa adabu zake zote. Alitaka pikapu ilete mahindi kutoka Kaniama, na kila safari sisi tupate fungu letu. Mama alimsihi baba akubali, maana nafasi kama hiyo haitarudi. Baba akajibu kwamba karatasi ya kutoa gari inataka sahihi mbili, yake na ya patroni. Nilimwambia patroni harudi. Akaniuliza kama shuleni kwetu wanafunzi hujisainia vyeti wenyewe. Nilimkasirikia hata nikashindwa kula, jambo ambalo siku zile halikuhitaji juhudi.

Kisha vita ikafika. Askari waliokuwa wakikimbia walitafuta chochote chenye magurudumu. Wanne waliingia dukani na bunduki mchana, nikiwa nimempelekea baba bukari, ugali wetu wa mchana. Baba, Mungu amrehemu, alisimama, akawakaribisha kama wateja, akatoa ufunguo na ile karatasi ya kutoa gari.

“Chef, lufungulo njo hii. Lakini weye utie saini hapa kwanza.”

Mkubwa wao alicheka, akasaini pale pa patroni. Waliondoka na pikapu, viti vikiwa bado na plastiki zake.

Baba alipuliza wino ukauke. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa miaka.

“Sasa iko kamili,” aliniambia. “Patroni akikuya, hakuna muntu mwenye atasema minyi niliiba.”

Kumbe jina lake ndilo alilokuwa akililinda, si gari. Hasira yangu yote iliniishia palepale. Hakuwepo tena mtu wa kumwuliza habari za gari, Kamina nzima, na sikuwa na roho ya kumwambia hivyo. Nikamsogezea bukari, nikamwambia amefanya vizuri.