Sarafu Iliyosimama Wima

Gebhard Zeitler alimvunja taya msimamizi wake kwa pistoni iliyong'arishwa, mbele ya watu mia mbili, katika sherehe ya kumpongeza yeye mwenyewe. Pistoni ile ilikuwa zawadi. Kila aliyetimiza miaka ishirini na mitano katika kiwanda cha injini cha Rautner, kando ya mto Lech, hupewa moja iliyochongwa jina lake, aiweke nyumbani na kuzimia sigara ndani yake. Gebhard aliipokea kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umebakiwa na vidole viwili. Gazeti la mji liliandika kwamba alikuwa amelewa. Hakuwa ameonja hata tone la bia.

Alikuwa mtoto wa mhunzi, na kazi yake kiwandani ilikuwa kusikiliza. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku ya injini, mpini akaubana sikioni, na kasoro ambayo mitambo ya kupimia ilikuwa bado inaitafuta, yeye alikwisha kuisikia.

Mwaka 1987 injini za silinda kumi na mbili zilirejea katika magari ya fahari ya Ujerumani. Kabla ya vita ziliwabeba wakubwa waliolipeleka taifa machinjioni. Baada ya vita, kwa miaka mingi, hakuna aliyekuwa na mafuta wala uso wa kuziunda tena. Sasa kila mwenye kiwanda alitaka yake, na Rautner walitaka yao upesi. Hapo ndipo desturi ya sarafu iliposhika mizizi: injini ikiwa inanguruma, sarafu ya marki tano husimamishwa kwa ukingo wake juu ya kifuniko, isipoanguka, injini imefaulu. Ulikuwa upumbavu wa watu wenye shahada, nami ninausema nikiwa na yangu. Injini hiyo ni safu mbili za silinda sita, na kila safu imejisawazisha kiasi kwamba moja ikiugua, nyingine huizungusha bila mtikisiko. Sarafu hupima utulivu, haipimi uzima.

Asubuhi moja ya Machi 1989 walikuja wageni wa idara ya mauzo, pamoja na mpiga picha. Msimamizi, Burgstaller, akaamuru wavu wa chuma unaozunguka injini uondolewe ili picha itoke safi. Ottmar Kienle, aliyefanya kazi bega kwa bega na Gebhard kwa miaka kumi na minane, aliufungua kama alivyoagizwa, akasimama kando ya injini kuisimamisha sarafu.

"Mkuu, safu ya kushoto inagonga," alisema Gebhard, bisibisi sikioni. "Tuizime, tuifungue."

"Sarafu imesimama, haijasimama?"

"Imesimama, lakini..."

"Basi kapime masikio yako." Wageni wakacheka.

Ottmar naye akachokoza: "Babu, linalogonga ni tumbo lako. Tumalize, soseji nyeupe, kwa desturi yetu, haziliwi baada ya saa sita mchana."

"Ottmar, toka hapo."

"Nitoke ianguke, bia anunue nani? Wewe, bahili?"

Kitufe chekundu cha kuzimia kilikuwa hatua moja tu kutoka kwa Gebhard. Wiki iliyotangulia alikuwa amekibonyeza, injini ikafunguliwa, isikutwe na kasoro, na Burgstaller akaapa kumhamishia kwenye kuosha vipuri akirudia.

"Mizunguko elfu sita," akaamuru Burgstaller.

Gebhard akausukuma wenzo wa mafuta. Mgongano wa chuma ukageuka ukelele. Akauachia, akaruka kumvuta Ottmar kwa ukosi wa koti. Mkono wa pistoni ulikatika, ukaipasua bloku, ukamkata Gebhard vidole vitatu, ukazama shingoni mwa Ottmar. Mafuta yanayochemka yaliwarukia wote. Ottmar alikufa juu ya vigae, kiganja cha rafiki yake kilichokatwa vidole kikiwa kimeziba jeraha, damu ya mmoja ikichanganyika na ya mwenzake. Sarafu ilikutwa imekwama kwenye dari.

Ripoti ya kiwanda nimeisoma mara tatu: "Marehemu aliondoa wavu kwa hiari yake, bila kuagizwa." Ilihitaji saini ya shahidi, na shahidi aliyekuwa karibu ni Gebhard. Kwa miezi saba Burgstaller alimpelekea karatasi ile, hospitalini, nyumbani, hadi makaburini. Kwa miezi saba Gebhard aliirudisha tupu.

Siku ya sherehe, Burgstaller alimkabidhi pistoni, na chini yake, imekunjwa vizuri, karatasi ileile na kalamu.

"Tia saini, Gebhard, watu wapate kula," alinong'ona. "Ottmar hasikii maumivu tena."

"Yeye hasikii. Wewe je?"

Akampiga. Burgstaller alipoinuka kwa magoti, akampiga mara ya pili, na meno yakatawanyika juu ya kitambaa cheupe cha meza.

Mahakama ilimpa miezi sita. Hakimu, mwanamke mtaratibu, alimuuliza kama anajutia alichofanya.

"Ninajuta, mheshimiwa. Kitufe kilikuwa hatua moja. Nilikaa nikifikiria kuosha vipuri."

"Ninauliza kuhusu Bwana Burgstaller."

"Mimi ninakujibu kuhusu Ottmar."

Alitumikia miezi yote sita. Ile karatasi ingali katika kabati la kiwanda, ina doa la damu ya Burgstaller pembeni, na mstari wa shahidi hauna kitu.